Jeraha Dogo, Upasuaji Mkubwa: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Mafunzo ya Upasuaji wa Njia ya Mkojo

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa afya huzitumia wanapoeleza kwa Kiswahili jambo lililokwisha kuingia katika hospitali zetu kabla lugha yetu haijalipangia maneno yake. Jambo hilo ni upasuaji wa figo, kibofu na tezi dume unaofanywa kwa kupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo au katika njia ya maumbile, pamoja na mafunzo ambayo mpasuaji huyapata juu ya vifaa kabla ya kumgusa mgonjwa. Hatukusudii kuwafundisha madaktari kazi yao. Tunakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tunayowapa hayafai, na kwamba hasara yake humfikia mtu asiyekuwapo wakati neno lilipobuniwa, yaani mgonjwa.

Tumeuchagua mji wa Arusha kuwa mahali pa kulitazamia jambo hili, na sababu ni mbili. Kwanza, mjini humo ndipo yalipo makao ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kijulikanacho kwa ufupisho wa COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hiki hakina madarasa ya namna tuliyoizoea. Wanagenzi wake hujifunza katika hospitali zilizoidhinishwa za nchi wanachama, na upasuaji wa njia ya mkojo ni miongoni mwa fani ambazo chuo huzitahini. Mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapo, mjini Moshi, ipo hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo kwa miaka mingi imefundisha madaktari wa fani hiyo kwa kushirikiana, pamoja na wengine, na Urolink, tawi la chama cha wapasuaji wa njia ya mkojo cha Uingereza.

Pili, Arusha ni mahali ambapo neno la kitaalamu husafiri mbali. Daktari amesoma kwa Kiingereza. Humweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Mgonjwa aliyeteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru, akiwa mzee wa Kiarusha au wa Kimeru, mara nyingi hugeuziwa tena maelezo hayo na mwanawe au mjukuu wake kwa Kimaa au Kimeru. Neno, basi, huvuka mito miwili kabla ya kufika. Likiwa na ufa katika kivuko cha kwanza, hakuna awezaye kuuziba katika kivuko cha pili.

Jambo lenyewe

Kabla ya kukipa kitu jina hapana budi kukifahamu. Katika upasuaji wa zamani, unaoitwa sasa upasuaji wa wazi, daktari huchana ngozi na nyama, akatia mikono na kuona kwa macho yake. Katika upasuaji wa laparoskopi hutoboa matundu machache, hulijaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi ili kupata nafasi, huingiza kamera na vyombo virefu, kisha hutazama skrini. Katika upasuaji wa tezi dume kupitia njia ya mkojo hata tundu halitobolewi: chombo hupitishwa katika njia ile ile ya haja, na kipande cha waya chenye nguvu za umeme huikwangua tezi kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka njia ifunguke.

Faida kwa mgonjwa ni dhahiri: maumivu hupungua, naye hurudi nyumbani mapema. Lakini ugumu umehamia kwa daktari. Chombo kirefu kilichopita katika tundu hufanya kazi kama mtaimbo uliowekwa juu ya jiwe: mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Skrini haionyeshi kina. Vidole havihisi tena ulaini wa nyama kama vilivyokuwa vikihisi. Mtu aliye hodari wa upasuaji wa wazi anaweza kujikuta mgeni kabisa mbele ya kazi hii.

Ndiyo maana yakawapo mafunzo ya vifaa. Namna iliyo rahisi kuliko zote ni sanduku lenye matundu juu, taa na kamera ndani, na skrini kando. Mwanagenzi huhamisha vipande 6 vidogo kutoka vigingi vya upande mmoja kwenda vya upande wa pili na kuvirudisha. Hukata duara lililochorwa juu ya shashi. Hushona na kufunga fundo. Kila zoezi hupimwa kwa muda na kwa makosa. Mazoezi ya namna hiyo ndiyo yaliyomo katika mpango wa Marekani uitwao FLS na ule wa Ulaya wa wapasuaji wa njia ya mkojo, E-BLUS. Vipo pia vifaa vya gharama kubwa vinavyotumia kompyuta. Manufaa ya mafunzo haya si ya kudhaniwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusu wanagenzi 16 nchini Marekani, waliofunzwa kwanza kwa kifaa cha kompyuta waliondoa kifuko cha nyongo kwenye ini kwa muda pungufu kwa asilimia 29. Wasiofunzwa hivyo walielekea mara 5 zaidi kukijeruhi kifuko hicho au kuunguza nyama isiyohusika.

Upasuaji mdogo

Istilahi ya kwanza tunayoihakiki ni ile inayotumiwa kutaja upasuaji wa namna hii kwa jumla. Katika karatasi za maelezo, katika matangazo na hata katika mazungumzo ya wodini tumekuta majina manne: upasuaji mdogo, upasuaji bila kisu, upasuaji wa kisasa na upasuaji wa matundu madogo.

Upasuaji wa kisasa si istilahi. Neno hilo haliarifu chochote juu ya kitu chenyewe, na la kisasa leo ni la kale kesho. Upasuaji bila kisu ni tangazo la biashara: ngozi inaweza kusalimika, lakini tezi iliyo ndani imekatwa, imetoka damu, na mgonjwa atapaswa kuuguzwa kama mtu aliyekatwa.

Upasuaji mdogo ndilo kosa kubwa, kwa sababu linafanana na ukweli. Jina hili lina mwenyewe tayari. Katika hospitali zetu chumba cha upasuaji mdogo ni mahali pa kutumbua jipu na kushona jeraha la panga, na mgonjwa hutoka humo kwa miguu yake. Kuondoa figo kwa laparoskopi ni kazi nyingine kabisa. Mara ya kwanza ilipofanywa, mwaka 1990 katika mji wa St. Louis nchini Marekani, na daktari Ralph Clayman na wenzake, ilichukua saa karibu 7. Jeraha lilikuwa dogo. Upasuaji ulikuwa mkubwa.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tuliombwa kufasiri karatasi ya maelezo kwa ajili ya hospitali moja ya kanda ile. Tuliandika upasuaji mdogo, tukaona tumefanya vyema, kwa kuwa ni maneno mawili tu na kila mtu huyaelewa. Baadaye muuguzi mmoja alitusimulia habari za mzee aliyetoka upande wa Ngaramtoni. Mzee yule alisomewa karatasi yetu, akatia kidole gumba. Aliwaambia watoto wake kwamba ni upasuaji mdogo, wala hapakuwa na haja ya kumtafuta mtu wa kuangalia ng'ombe zaidi ya siku mbili. Katikati ya kazi damu ilizidi, na madaktari, kama wapasavyo kufanya, walibadili wakafanya upasuaji wa wazi. Mzee alizinduka akiwa na mshono mrefu ubavuni. Alipona. Lakini alimwambia mwanawe, “Walisema mdogo. Walinidanganya.” Hakuna daktari aliyemdanganya mzee huyo. Aliyemdanganya ni mfasiri, na mfasiri ni sisi.

Dawa ya kosa hili imo ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina upatanisho, na upatanisho humtaja mwenye sifa. Tusemapo upasuaji mdogo, udogo umevikwa upasuaji. Tusemapo upasuaji wa matundu madogo, kiambishi ma- kimeuchukua udogo na kuutia mahali pake, katika matundu. Msikilizaji hahitaji kusoma tiba ili aone tofauti hiyo, lugha imemwonyesha. Lugha ambayo kivumishi chake hakina upatanisho yaweza kuacha shaka juu ya kilicho kidogo. Sisi hatuna udhuru huo.

Hata hivyo upasuaji wa matundu madogo, ulio mzuri kwa laparoskopi, hautoshi kuwa jina la jumla, kwa kuwa tumeona kwamba upo upasuaji usio na tundu lolote. Jina la jumla tunalolipendekeza ni upasuaji wa jeraha dogo, na chini yake yakae majina ya aina mbalimbali. Tena tunashauri kwamba kila karatasi ya ridhaa iongeze sentensi moja baada ya jina: kwamba huu ni upasuaji kamili, na kwamba huenda ukabadilishwa kuwa wa wazi.

Mwigo, igizo na jaribio

Tuje sasa kwenye mafunzo. Neno la Kiingereza hapa limepokewa na wengine kwa sauti yake, simulesheni, na waliojaribu kulifasiri wamegawanyika. Wako wanaosema mafunzo kwa vitendo, wengine mafunzo ya majaribio, na wengine mafunzo ya uigizaji.

Mafunzo kwa vitendo ni maneno mazuri yaliyowekwa mahali pasipo pake. Vitendo ni kinyume cha nadharia. Mwanagenzi anayemshonea mgonjwa mbele ya mwalimu wake anajifunza kwa vitendo, na anayeshona kipande cha mpira ndani ya sanduku naye anajifunza kwa vitendo. Istilahi isiyotenganisha hali hizi mbili imeshindwa kazi yake, kwa kuwa maana yote ya mafunzo haya imo katika jambo moja tu, nalo ni kwamba mgonjwa hayupo. Mtumishi wa wizara akisoma katika taarifa kwamba hospitali fulani inatoa mafunzo kwa vitendo, atajuaje kama panahitajika fedha za vifaa au za vitanda?

Mafunzo ya majaribio yanapotosha zaidi. Jaribio katika tiba ni dawa au njia isiyothibitishwa bado. Mgonjwa akisikia kwamba daktari wake ametoka kwenye majaribio, atadhani zamu ya kujaribiwa imemfikia yeye. Neno lililokusudiwa kumpa imani limemtia hofu.

Uigizaji unahitaji mjadala, kwa sababu umekaribia. Mzizi wake ni kuiga. Lakini kuigiza kumekwisha kuchukuliwa na jukwaa: igizo, maigizo, mwigizaji. Mwalimu anayesema kwamba wapasuaji wanaigiza huibua picha ya watu waliovaa makoti meupe wakijifanya madaktari. Tukirudi nyuma hatua moja, kwenye kuiga, tunapata mwigo, neno ambalo halijakabidhiwa jukwaa. Tunapendekeza mafunzo ya mwigo, na kwa kifaa chenyewe, kifaa cha mwigo. Tunajua kwamba kuiga kuna aibu kidogo: mwanafunzi huiga majibu ya mwenzake. Lakini aibu hiyo imo katika kitenzi kinapotajiwa mtu anayeigwa. Katika mwigo kinachoigwa ni mwili na hatari zake, na kuiga vema ndiyo sifa.

Wako watakaosema kwamba fikra hii ni ngeni, hivyo na neno libaki geni. Hatukubali. Mtu na apite mbele ya varanda za mafundi cherehani, Arusha au mji wowote wetu, atamwona mwanagenzi anayefuata mistari juu ya karatasi kwa sindano isiyo na uzi. Hapewi kitambaa cha mteja mpaka mstari unyooke. Fundi wake hasemi kwamba kijana anaigiza, wala kwamba anafanya majaribio. Husema anazoeza mkono. Daktari anayehamisha vipande kutoka kigingi hadi kigingi naye anazoeza mkono, kwa kuwa kitambaa cha mteja wake ni mwili wa mtu. Kwa sababu hiyo tumelitumia tangu mwanzo neno mwanagenzi, ambalo wafasiri wa siku hizi wanalisahau. Mwanafunzi hukaa darasani. Mwanagenzi yuko chini ya fundi, mkono wake unaangaliwa, na siku ya kuachiwa kazi ina masharti yake. Kwa daktari anayesomea upasuaji hatulioni neno lililo sahihi zaidi.

Tofauti moja lazima itajwe. Fundi cherehani hupima kwa jicho, bali mafunzo ya mwigo hupima kwa saa na kwa hesabu ya makosa. Kipimo kisipokuwapo, sanduku ni mchezo. Ndiyo maana tasnifu ya istilahi hii ikose mengine yote lakini isikose neno kupimwa.

Mirija miwili na tezi moja

Mafunzo ya upasuaji yanadai pia majina ya viungo, na hapa tumekuta hatari iliyo kimya. Kutoka kila figo hushuka mrija kwenda kwenye kibofu. Kutoka kibofu hutoka mrija mwingine kwenda nje. Katika maandishi mengi ya Kiswahili yote huitwa mrija wa mkojo au njia ya mkojo. Kwa mazungumzo ya kila siku haidhuru. Kwa mwanagenzi anayeambiwa auhifadhi mrija wa mkojo wakati wa kuondoa uvimbe, inadhuru sana.

Wengine hukimbilia kukopa, wakaandika ureta na uretra. Angalia msomaji: maneno hayo mawili yametenganishwa na herufi moja, na mpiga chapa aliyechoka, au muuguzi anayesikiliza kwa simu, atayachanganya. Kukopa kunaposhindwa kutenganisha, kubuni ni wajibu. Tunapendekeza mrija wa figo kwa ule wa juu, ambao kwa kawaida huwa miwili, na mrija wa kutokea mkojo kwa ule wa chini, ambao ni mmoja. Njia ya mkojo ibaki kuwa jina la mfumo mzima.

Kuhusu tezi dume, watu wetu wamekwisha kuligeuza jina la kiungo kuwa jina la ugonjwa. Husemwa, “Mzee ana tezi dume,” kama isemwavyo ana sukari au ana presha. Kila mwanamume anayo tezi hiyo tangu kuzaliwa. Matokeo yake ni mawili. Mzee mwenye uvimbe wa kawaida wa uzeeni hudhani ana saratani, kwa kuwa jirani aliyekufa kwa saratani naye “alikuwa na tezi dume.” Na akiambiwa tezi itakwanguliwa, hudhani anaondolewa uanaume wake. Hatutaraji kuibadili lugha ya sokoni Kilombero kwa makala moja. Lakini katika maandishi tuandike uvimbe wa tezi dume na saratani ya tezi dume, kila mara kwa ukamilifu, bila kufupisha.

Kukopa na kubuni

Tangu Baraza lianze kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na hata Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, swali la kukopa na kubuni limekuwa likirudi. Hatudhani lina jibu moja. Laparoskopi tunaiacha ilivyo, kwa kuwa huandamana na maelezo na haimchanganyi mtu. Kuiita darubini, kama wafanyavyo baadhi, hakutupendezi: darubini tuliipokea kutoka Kiajemi ikiwa na maana ya kionambali, na daktari hapa anaona kilicho sentimeta chache mbele ya kamera. Hadubini nayo ni ya kukuza vijidudu maabarani. Upande wa pili, koleo, mkasi, kigingi, fundo na mshono tunayo tangu zamani, na ni jambo la kusikitisha kuyakuta yamekopwa upya kwa Kiingereza katika maelezo ya sanduku ambalo seremala wa mtaani angeweza kulitengeneza kama angeelezwa kwa lugha yake.

Watauliza wengine: ikiwa mitihani ni ya Kiingereza, shida yote hii ya nini? Jibu letu ni kwamba mtihani wa daktari ni wa Kiingereza, lakini ridhaa ya mgonjwa si ya Kiingereza. Aliyelala kitandani ana haki ya kujua mambo matatu: atafanyiwa nini, jeraha lake litakuwa wapi, na aliyeshika koleo alijifunza juu ya nini. Istilahi tunazozijadili ndizo zinazoyajibu maswali hayo.

Mapendekezo

Upasuaji wa jeraha dogo: upasuaji kamili unaofanywa kwa kupunguza ukubwa wa jeraha na si ukubwa wa kazi.

Upasuaji wa matundu madogo: aina ya huo wa juu, ifanywayo kwa kamera na vyombo vilivyopitishwa katika matundu ya ngozi.

Upasuaji wa kupitia njia ya mkojo: aina isiyotoboa ngozi, ambayo hata hivyo hukata ndani.

Upasuaji wa wazi: ule wa kuchana, ambao aina zote za juu huweza kubadilishwa kuwa huo.

Mafunzo ya mwigo: mafunzo ambayo mwanagenzi hutenda juu ya kitu kilichowekwa badala ya mgonjwa, na kitendo chake kikapimwa.

Kifaa cha mwigo: kitu hicho, kiwe cha kompyuta au cha mbao, kilicho rahisi kiitwe sanduku la mazoezi.

Mrija wa figo, mrija wa kutokea mkojo: kama ilivyoelezwa.

Haya ni mapendekezo wala si sheria. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, wafasiri wayapinge wanapoona yamepinda, na hasa wauguzi watuandikie, kwa kuwa wao ndio wanaosimama katika kile kivuko cha pili na kuona neno likifika au likizama. Ile karatasi yetu ya zamani tumekwisha kuiomba hospitali iondoe, na tumeandika nyingine. Katika hiyo mpya neno mdogo halimo. Yamo matundu madogo matatu, na sentensi isemayo kwamba huenda yasitoshe.